Fundi aliyekataa kuniuzia kadi: tathmini ya huduma ya kutengeneza mashine ya CNC mjini Mtwara

Tathmini hii inahusu huduma niliyopata kwa fundi mmoja wa umeme wa viwandani hapa Mtwara mjini, ambaye hana duka wala kibao, na ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kutunza mashine za viwanda vya kubangua korosho. Simtaji jina kwa sababu mwenyewe ameniomba nisimtaje, akisema wateja alionao wanamtosha. Anayemhitaji akiulizia kwa mafundi wa Chikongola hatapotea.

Karakana yangu ipo upande wa Magomeni. Tunatengeneza vitanda, madawati na milango, na kinachotuletea wateja zaidi ni milango ya mninga na mkongo yenye nakshi. Tangu miaka minne iliyopita nakshi hizo huchongwa na mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, iliyotoka China, yenye meza inayolaza plaiwudi nzima ya futi 4 kwa 8, spindo (mota inayozungusha kisu cha kuchongea) ya kilowati 3, na mota nne za stepa, zinazokwenda kwa hatua: mbili husukuma daraja linalobeba spindo kwa urefu wa meza, moja huipeleka spindo kushoto na kulia, na ya nne huipandisha na kuishusha. Wapo wanaoniuliza kama inaweza kuchonga vinyago vya Kimakonde. Pengine inaweza, lakini mimi sitaki.

Kabla sijaeleza ubovu, ni vizuri msomaji ajue kilichokuwa kinasumbua. Ndani ya kabati la umeme kuna kadi isiyozidi kiganja cha mkono, ambayo ndiyo kontrola ya mwendo. Kompyuta huipelekea maelekezo ya mchoro, nayo huyageuza kuwa mapigo ya umeme yanayokwenda kwenye draiva, yaani vifaa vinavyoziendesha mota, na kila pigo ni hatua moja. Mota za aina hii kwa kawaida huwa na hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na draiva huzigawa hatua hizo ziwe ndogo zaidi ili mwendo uwe laini. Katika mashine kama yangu kadi haina macho: ikishatuma pigo, inaamini kwamba mota imekwenda. Kwa hiyo umeme wa kadi ukikatika kwa kufumba na kufumbua wakati daraja linakimbia, mapigo hukoma ghafla, uzito wa daraja huivuta mota ipitilize mahali pake, na kadi inapozinduka haijui iko wapi. Nakshi iliyoanza vizuri katikati ya mlango humalizikia milimita tatu pembeni, na ubao wa mninga uliolipiwa na mteja unakuwa kuni.

Hali hiyo ilianza mwezi Novemba. Mashine ilifanya kazi asubuhi yote bila tatizo, halafu mchana ikasimama katikati ya mlango, na kompyuta ikaandika kwamba haioni kontrola. Tuliizima, tukaiwasha, ikaendelea. Siku iliyofuata ilisimama mara mbili, na mara ya pili kompyuta iliandika jambo tofauti kabisa, kwamba daraja limegonga swichi ya limiti, ile ya kulisimamisha lisipitilize mwisho wa meza, ilhali swichi yenyewe ilikuwa mbali na hakuna kilichoigusa. Baada ya hapo zikapita siku tatu za utulivu kamili. Ugonjwa wa kuja na kuondoka namna hii ni mbaya kuliko kuharibika moja kwa moja, kwa sababu kitu kilichokufa unakipima ukakiona kimekufa, lakini kinachozimia na kuzinduka kikipimwa huonekana kizima.

Mwezi huo fundi ninayemwelezea hapa hakupatikana, kwa kuwa msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto na viwanda vilikuwa vimemchukua. Nikalazimika kumwita fundi mwingine kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, nauli na malazi juu yangu. Alisikiliza maelezo kwa dakika kumi, akafungua kabati, akasema kadi imekufa. Alifunga kadi mpya, akakaza skrubu zote za terminali, pale nyaya zinapoungwa, akavalisha nyaya za inveta, kifaa kinachoiendesha spindo, vipande vya feraiti vya kuzuia kelele za umeme, akaondoka na basi la asubuhi. Jumla ya gharama ilikuwa shilingi 1,150,000. Mashine ilikwenda siku sita, na siku ya saba ikasimama saa nane mchana kwa maneno yale yale ya kutoiona kontrola. Nilipompigia simu, alinijibu kwamba sasa tatizo litakuwa draiva, na kwamba anazo.

Mwezi Januari ndipo fundi wa hapa alipopata nafasi. Alifika asubuhi akiwa na mita moja mfukoni na bisibisi mbili, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mashine.

“Mwanangu, nionyeshe inavyokosea,” aliniambia.

Nilimjibu kwamba asubuhi haikosei, hukosea mchana.

“Basi nitarudi mchana.”

Akaondoka. Sitaficha kwamba nilikasirika, kwani nilikuwa na milango minne ya mteja wa Masasi iliyochelewa, na nilichotaka kuona ni kabati likifunguliwa. Alirudi saa saba, akafungua mlango wa kabati bila kugusa kitu ndani, akakaa kuzitazama taa ndogo za kadi kama mtu anayetazama moto wa jiko. Saa nane kasoro robo mashine ilisimama. Hakuinuka. Alisema kwamba taa ya umeme ya kadi imezima na kuwaka tena kwa mara moja, lakini taa za draiva, ambazo zina pawa saplai yao nyingine, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani, hazikutikisika. Kwa kule kukaa tu alikuwa amekwishaondoa nusu ya mambo yanayoweza kulaumiwa: umeme wa jengo haukukatika, draiva hazikuwa na kosa, na kadi yenyewe huenda ilikuwa ikinyimwa chakula.

Hapo nilimwomba abadilishe pawa saplai ya kadi, nikidhani kazi imekwisha. Alikataa. Alisema kuna kosa la pili, lile la limiti, ambalo hakuliona siku hiyo, na kwamba akibadilisha kitu kabla hajaweza kuliita kosa likaja na kulifukuza likaondoka, hatajua alichokiponya. Badala yake alimpa kijana wangu daftari la shule, akamchorea mistari: saa, kazi inayofanyika, daraja lipo sehemu gani ya meza, spindo inawaka au imezimwa, mashine ya kufyonza vumbi inawaka au imezimwa, na maneno kamili yaliyoandikwa kwenye kompyuta. Alisisitiza neno kamili, kwa sababu mtumiaji aliyechoka huandika “imezima tena”, na maandishi ya namna hiyo hayamsaidii mtu. Kisha akasafiri kwenda Newala kwa kazi nyingine.

Daftari hilo ndilo lililonibadilisha mawazo kuhusu thamani ya huduma hii. Kwa siku tisa mashine ilisimama mara 31. Fundi aliporudi alichukua kalamu nyekundu akazungushia mistari 22 yenye maneno ya kutoiona kontrola. Yote ilikuwa baada ya saa sita mchana, popote daraja lilipokuwa. Mistari tisa iliyobaki, yenye maneno ya limiti, ilitawanyika kutwa nzima, asubuhi na jioni, lakini kila mara daraja lilikuwa kwenye theluthi ya mwisho ya meza, upande wa ukutani. Kwa miezi miwili tulikuwa tukipambana na magonjwa mawili tukidhani ni moja, na ndiyo maana kila dawa ilionekana kufaa kidogo na kushindwa kidogo.

Alianza na lile la mchana, akishuku joto. Kwanza aliiendesha mashine ikichonga hewani, spindo na inveta vikiwa vimezimwa kabisa, kwa sababu inveta hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kelele zake zikiingia kwenye nyaya za kontrola huleta vurugu zinazofanana na hizi. Mafundi wengi huishia kulaumu inveta, na mara nyingi wana haki. Kwangu mashine ilisimama hata inveta ikiwa imelala, kwa hiyo lawama hiyo ilifutwa na vile vipande vya feraiti nilivyolipia vikabaki kuwa mapambo. Kisha akachora mstari wa rangi nyeupe uliopita juu ya shafti ya mota na kiungio chake. Kama kungekuwa na skrubu iliyolegea, mstari ungekatika na vipande vyake kuachana. Haukukatika, kwa hiyo ile milimita tatu haikuwa ya chuma kuteleza.

Siku ya pili ya kazi alileta oskilosikopu kongwe, chombo kinachochora volti kwenye skrini, akaiunganisha kwenye volti 24 zinazoingia kwenye kadi, akaitegesha ishike picha pale tu volti zitakaposhuka chini ya 20. Mita ya kawaida ilikuwa ikisoma 24.1 kwa utulivu wote, na hata ile ya fundi wa kwanza ilisoma hivyo hivyo, kwa kuwa mita ya mkononi hutoa wastani na haioni tukio la sehemu ndogo ya sekunde. Saa nane na dakika ishirini skrini ilijifunga ikiwa na picha ya shimo: volti zimeporomoka hadi 7, zikakaa huko milisekunde 40, zikapanda. Kwa jicho la binadamu hilo si tukio, lakini kwa kadi ni kuzimia.

Kilichofuata ndicho ninachokisimulia kwa kila anayenitembelea. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda na kabati likiwa baridi, alimtuma kijana wangu kwenye saluni ya jirani akaazime drai ya nywele. Akaielekeza kwenye ile pawa saplai tu, huku akiwa ameikinga kadi kwa kipande cha boksi. Dakika chache baadaye mashine ilisimama. Akazima drai, akapuliza hewa baridi, mashine ikatulia. Akarudia, ikasimama. Akarudia tena, ikasimama. Kisha akachukua kijiti cha mishikaki, ambacho hakipitishi umeme, akabonyeza taratibu kwenye kona ya terminali ya volti 24, na taa ya kadi ikawa inazima na kuwaka kwa kufuata mkono wake. Kosa lililotusumbua tangu Novemba sasa lilikuwa linaitwa kwa kijiti.

Alizima umeme, lakini hakufungua kifuniko papo hapo. Alieleza kwamba volti 230 za ukutani zikishageuzwa ndani ya kifaa hicho huhifadhiwa kwenye kapasita kubwa kwa kiwango cha zaidi ya volti 300, na hubaki humo hata plagi ikishatolewa; alisubiri, akapima, akahakikisha zimekwisha, ndipo akafungua. Chini ya kioo cha kukuza alinionyesha mguu wa terminali ukiwa umezungukwa na duara jeusi, jembamba kama unywele, pale ambapo risasi ya kuchomelea ilikuwa imepasuka. Ikipata baridi, pande mbili zilikuwa zinagusana. Joto la mchana likiongezewa na joto la inveta, iliyokuwa imefungwa chini yake tu kwenye kabati lile lile, vitu vilitanuka na pande hizo zikaachana kwa kufumba na kufumbua, hasa mashine ilipotikisika.

Hapo pia ndipo nilipoelewa zile siku sita za nafuu. Fundi wa kwanza alipobadilisha kadi, alikaza skrubu zote, na kwa kukaza aliusukuma mguu uliopasuka ukakaa vizuri kwa muda. Anayechomoa plagi kumi na kuzirudisha huwa pia amesugua kutu kwenye ncha zake, na kwa hapa kwetu, ambako hewa ya bahari huotesha ukungu wa kijani kwenye shaba, kusugua huko peke yake huweza kuficha ubovu kwa wiki nzima. Sisemi alinidanganya. Naamini aliondoka akiwa na hakika kwamba kadi ndiyo iliyokuwa mbovu, kwa kuwa mashine ilifanya kazi mbele ya macho yake.

Ugonjwa wa pili ulikwisha kwa muda mfupi zaidi. Fundi alihamisha waya wa limiti ya daraja akauweka kwenye tundu la limiti ya upande mwingine, na kompyuta ikaanza kulaumu upande huo mwingine. Kosa lilikuwa limefuata waya, kwa hiyo tundu la kadi lilikuwa safi. Swichi hizi zimefungwa kwa mtindo wa kupitisha umeme wakati wote na kuukata zikiguswa, jambo la busara kwa usalama, lakini maana yake ni kwamba waya uliokatika nao hujitangaza kuwa ni limiti iliyoguswa. Akaunganisha mita inayolia kwenye ncha mbili za waya, akaanza kukunja mnyororo wa plastiki unaobeba nyaya, pingili baada ya pingili, huku mlio ukiendelea. Kwenye pingili ya kumi na nane mlio ulikatika. Alipochana ganda la waya, ambalo nje halikuwa na hata mkwaruzo, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote mahali pamoja, ncha zake zimesuguana hadi zimeng’aa. Waya ukinyooka zilikuwa zinagusana, ukikunjwa zinaachana. Waliotengeneza mashine walikuwa wametumia waya wa kawaida mahali panapokunjwa maelfu ya mara kwa siku.

Waya wa kufaa, wenye nyuzi nyembamba nyingi, uliagizwa Dar es Salaam ukaja kwa basi. Ganda lake la nyuzi za kukinga kelele aliliunganisha na ethi, yaani waya wa ardhini, upande wa kabati peke yake. Pawa saplai aliichomelea risasi upya, lakini akashauri ninunue nyingine na hii iliyotengenezwa niiweke akiba, kisha akaihamishia mpya upande wa chini wa kabati na inveta juu, ili joto lipande bila kuipitia. Jambo la mwisho alilofanya, bila kuombwa, ni kuirudisha kadi yangu ya zamani, ile iliyohukumiwa kufa mwezi Novemba. Ilifanya kazi siku nne mfululizo bila kasoro, na ndiyo iliyomo hadi leo. Ile mpya ipo kabatini ndani ya mfuko wake.

Malipo yalikuwa shilingi 380,000 za ufundi na 210,000 za vifaa. Kwa siku tano alizofika kwangu, mimi sioni kuwa ni nyingi, ingawa mtu anayehesabu malipo kwa idadi ya vitu vilivyobadilishwa ataona ametozwa sana kwa waya na pawa saplai.

Yapo pia ya kulalamikia. Huduma hii ni ya polepole, na aliye na oda ya haraka ataumia. Tangu alipofika mara ya kwanza hadi mashine kupona zilipita wiki tatu, na katika hizo alichelewa siku mbili zaidi ya alivyoahidi bila kupiga simu. Hatoi maelezo ya maandishi. Nilipomwomba aniandikie alichofanya, alinichorea kwenye kipande cha lile boksi alilokingia kadi, na mchoro ulikuwa sahihi na mzuri, lakini huwezi kuuambatanisha kwenye mafaili ya kampuni. Hana akiba ya vipuri, hivyo kila kitu huagizwa. Kuanzia Oktoba hadi korosho zitakapokwisha, usimtegemee kabisa. Kwa mashine iliyozima moja kwa moja, ambayo fundi yeyote mwenye mita ataliona tatizo lake, sioni sababu ya kumsubiri yeye. Thamani yake ipo kwa mashine inayokosea leo na kupona kesho, na kwa mwenye mashine aliye tayari kujaza daftari.

Daftari tumeendelea nalo. Kuanzia mwisho wa Januari hadi ninapoandika haya, miezi mitatu yenye joto kali na mvua juu yake, lina mstari mmoja tu mpya: Machi, saa tisa alasiri, daraja theluthi ya mwisho ya meza, maneno ya limiti. Nilisoma nikaishiwa nguvu, nikampigia simu. Aliniuliza kama nimekwenda kuitazama swichi yenyewe. Nilikuwa sijaenda. Juu ya reli, kando ya swichi, palikuwa na kipande cha mkongo alichokisahau kijana wangu, na daraja lilikuwa limekisukuma hadi kikaigonga.